Sitara na Kumbukumbu: Mji Usio na Gofu

Upepo wa kusi unapoanza kulegea na demani kuingia, nyumba za makumbusho na maeneo ya kale ya Afrika ya Mashariki huwa katika msimu wake wa shughuli nyingi. Barabara za milimani hukauka, wageni huongezeka, wanafunzi huletwa kwa mabasi, na ngoma huwambwa upya. Makunduchi huwa imekwisha kuuaga Mwaka Kogwa, na Bara huwa imekwisha kuadhimisha Nane Nane. Kila penye historia hutafutwa siku ya kuionyesha. Katika pilikapilika hizo swali moja husahauliwa, nalo ni zito kuliko maandalizi yote: kumbukumbu ya hadharani inawiwa nini na ukweli? Mwenye nyumba anayemkaribisha mgeni katika historia yake, je, amelazimika kumfungulia vyumba vyote, au anayo haki ya kuiacha baadhi ya milango imefungwa?

Ni vigumu kupata mahali pa kulipimia swali hili panapofaa kuliko Vuga, katika milima ya Usambara, Wilaya ya Lushoto. Hapo ndipo palipokuwa kiti cha Wakilindi, nasaba iliyowatawala Washambaa tangu enzi ya Mbegha, mwindaji wa nguruwe aliyetoka Nguu. Hapo ndipo alipotawala Kimweri ye Nyumbai, ambaye madiwani wa Pwani waliutambua ukubwa wake huku wakimtambua pia Sultani wa Unguja. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alipanda kwenda kumwona mwaka 1848, akarudi tena mwaka 1852. Lakini mgeni wa leo atakayefika Vuga akitarajia kuona kuta kama zile za Kilwa Kisiwani, au nguzo za makaburi kama zile za Tongoni, atarudi na mikono mitupu. Mji wa kifalme ulijengwa kwa miti, udongo na nyasi. Ulichomwa moto vitani, ukajengwa tena, na wakati ukaumaliza. Leo pana watu na nyumba zao, pana migomba, pana ukungu wa asubuhi. Gofu hakuna.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 yatoa hifadhi kwa majengo na maumbo yaliyosimamishwa kabla ya mwaka 1863. Kimweri ye Nyumbai alifariki mwaka 1862. Kwa tarehe, basi, mji wake wote umo ndani ya mpaka wa sheria. Kwa mali ghafi, umetoka nje. Sheria haikukusudia dhuluma yoyote, lakini jiwe huisubiri sheria na nyasi haziwezi. Ndiyo maana watu wa Pwani, waliozoea kuiona historia yao imesimama kwa chokaa na matumbawe, huelekea kudhani kwamba pasipo na ukuta hapakuwa na mji. Huo ni upungufu wa macho, wala si upungufu wa historia.

Kilichosalia cha Vuga ni maneno. Na maneno hayo, kwa bahati ya pekee, yamehifadhiwa kwa Kiswahili. Abdallah bin Hemedi al-Ajjemy, aliyekuwa karani wa Semboja, mwana wa Kimweri, na ambaye baadaye alikuwa Liwali wa Tanga, aliandika Habari za Wakilindi, kitabu kilichotolewa kwa sehemu na wamisionari wa Magila kati ya mwaka 1895 na 1907. Kilichapishwa upya mwaka 1962, miaka mia moja tangu kufa kwa Kimweri, na tafsiri yake ya Kiingereza ikatoka mwaka 1963, mwaka ambao utawala wa machifu ulikoma Tanganyika. Kiti kilipoondolewa, kitabu kilikuwa tayari kimeketi mahali pake. Kwa hiyo, mlima uliweka amana yake katika lugha ya Pwani, na wenye lugha hiyo hawawezi kusema kuwa habari za Vuga haziwahusu.

Kutokana na hali hiyo jambo moja linafuata. Penye gofu, mtembezaji wa wageni aweza kunyamaza, na ukuta ukasema. Asipoyataja matundu ya risasi, mgeni atayaona mwenyewe. Pasipo na gofu, kisichosemwa hakipo. Ukimya wa msimulizi wa Vuga si sawa na ukimya wa msimulizi wa Ngome ya Yesu, kwa kuwa wa kwanza hubomoa na wa pili huficha tu. Hivyo mzigo wa mwadilifu ni mzito zaidi mahali ambapo historia imebaki ulimini peke yake.

Sasa ni kipi kinachoelekea kunyamaziwa? Si simba aliyeuawa na Mbegha, wala nyama ya nguruwe aliyoigawa kwa watu wenye njaa, wala jina la Simba Mwene alilopewa. Hayo hupendeza, na watoto huyapenda. Kinachoelekea kunyamaziwa ni yale yaliyofuata baada ya mwaka 1862. Kimweri alipokufa, mjukuu wake Shekulwavu alikaa Vuga, naye Semboja alikaa Mazinde, chini bondeni, kando ya njia ya misafara. Njia ile ilileta bunduki na baruti, na mwenye bunduki hakuhitaji tena ridhaa ya mlima. Semboja aliishambulia Vuga, na mji ukateketea. Wabondei waliasi dhidi ya watawala wao wa Kikilindi. Na katika vita hivyo watu walikamatwa na kuuzwa, Mshambaa akimuuza Mshambaa, wakashushwa kuelekea Pangani na bandari nyingine, na wengi wakavushwa bahari.

Walivushwa kwenda wapi? Hapa msomaji wa visiwani hana budi kutulia kidogo. Mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba, na mashamba ya miwa ya bonde la Pangani, yalikuwa na njaa ya mikono. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na mahali pake pakasimamishwa Kanisa Kuu la Anglikana; tangu mwaka 1998 pana hapo sanamu za watu waliofungwa minyororo, wamesimama shimoni, kazi ya msanii Clara Sörnäs. Mgeni huzitazama sanamu hizo na kusikitika. Ni wachache wanaojiuliza nyuso zile zilitoka milima gani, na nani aliyeutia mnyororo wa kwanza kabla jahazi halijatia nanga.

Washambaa wenyewe wana maneno ya kulipima jambo hili. Husema mtawala aweza kuiponya nchi, kuzifya shi, au kuiharibu nchi, kubana shi. Nchi yapona mvua inaponyesha, chakula kikipatikana, na mfalme mmoja akiwa na nguvu za kuwazuia wengine wasiwale watu. Nchi yaharibika wakubwa wanaposhindana na mnyonge akawa bidhaa. Si mizani ya wageni hii. Haikuletwa na mmisionari wala na mwanazuoni wa ng'ambo, ni ya wenye mlima. Kwa hiyo anayeuliza juu ya watu waliouzwa hauingizi ugeni katika historia ya Vuga, bali anauliza swali ambalo Vuga yenyewe ilikuwa ikijiuliza.

Hata hivyo, upande wa pili una hoja yenye uzito, nayo isipuuzwe. Katika maadili ya Waswahili sitara ni fadhila kubwa. Funika kombe mwanaharamu apite, walisema wahenga, na hawakusema hivyo kwa woga. Mtu muungwana hamwanikii mwenzake aibu. Wajukuu wa waliouza na wajukuu wa waliouzwa wanaishi leo katika mtaa mmoja, wanaozana, wanazikana, wanaswali safu moja au wanakaa benchi moja kanisani. Kuna faida gani ya kukifunua kidonda kilichokwisha kufunga, tena mbele ya mgeni aliyelipa kiingilio na atakayeondoka jioni? Je, haki ya mgeni ya kujua ni kubwa kuliko haki ya jirani ya kuishi kwa heshima?

Hoja hii haijibiwi kwa kupaza sauti ya ukweli, ukweli. Yajibiwa kwa kupambanua. Siri si ya namna moja.

Kuna siri ya heshima. Namna ya kutambika, dawa za mvua, mahali pa maziko, haya si maonyesho. Mgeni hana haki nayo, hata akilipa. Mlango uliofungwa hapo haumdhulumu mtu yeyote, na makumbusho yanayojua kunyamaza mbele ya jambo takatifu yana adabu kuliko yanayoonyesha kila kitu chini ya taa.

Kuna siri ya muda. Mapokeo yasimulia kwamba Mbegha alipokufa, kifo chake kilifichwa mpaka mwanawe Bughe alipofikishwa Vuga na kutawazwa, nchi isije ikatikisika. Sitara hiyo ilikuwa na sababu na ilikuwa na mwisho, na kulipokucha watu waliambiwa. Siri ya namna hii ni kama daraja la miti juu ya mto uliofurika. Mtu hulivuka, lakini hajengi nyumba juu yake.

Na kuna siri ya mwenye nguvu. Hii ndiyo inayojivika vazi la sitara bila kuwa sitara. Sitara kwa asili yake ni nguo ya kumfunika aliyevuliwa, si ya kumfunika aliyevua. Aliyeuzwa alipokonywa jina, ukoo na mlima wake. Ukimya wa leo humpokonya hata habari ya kupokonywa kwake. Anayenufaika na ukimya huo ni mtendaji, ambaye jina lake limebaki zuri katika nyimbo. Kumwita aliyefichwa hivyo kuwa amesitiriwa ni kulidhulumu neno lenyewe.

Tukikubali upambanuzi huo, kanuni moja inajitokeza: tendo litajwe, mjukuu asitajwe. Isemwe wazi kwamba katika vita vya Wakilindi watu wa mlima waliuzwa na watu wa mlima, wakanunuliwa na watu wa Pwani, na kwamba faida iligawanywa njia nzima kutoka Mazinde hadi visiwani. Lakini isisemwe nyumba hii ni ya watoto wa wauzaji, na ile ni ya watoto wa waliouzwa. Hapo sitara ya kweli hufanya kazi yake, kwa kuwa humlinda aliye hai asiye na kosa bila kumfuta aliyekufa aliyekosewa.

Ipo sababu nyingine, nayo ni ya usawa. Tarehe 1 Novemba 2023, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika katika Makumbusho ya Majimaji huko Songea, mahali panapokumbukwa mashujaa walionyongwa tarehe 27 Februari 1906, akaomba msamaha kwa yale Wajerumani waliyoyatenda. Wengi waliona ni haki, na wengine waliona yamechelewa na hayatoshi. Lakini wote walikubaliana juu ya msingi mmoja, kwamba mwenye kutenda hana haki ya kulifunika tendo lake kwa kisingizio cha adabu. Msingi huo hauna rangi wala bara. Ukimbana Mjerumani, unambana pia Mkilindi, na tajiri wa Pangani, na mwenye shamba la karafuu. Anayedai mlango wa jirani ufunguliwe huku akiushikilia wake, hadai haki, anadai ushindi.

Itasemwa kwamba historia ya namna hii itawaondolea vijana fahari. Jibu limo katika hadithi ya Mbegha mwenyewe. Mapokeo hayakumfanya malaika. Yanasema alikuwa kigego, mtoto aliyeota meno ya juu kwanza. Yanasema ndugu zake walimnyima urithi. Yanasema alikimbia Kilindi baada ya mwana wa mkubwa wa huko kufa akiwa naye mawindoni. Nasaba nzima imejiita kwa jina la mahali ambapo babu yao alikimbia. Watu waliosimulia hayo kizazi baada ya kizazi hawakuona kuwa fahari yao itavunjika kwa kuitaja aibu ya mwanzo wao. Waliona kinyume chake: kwamba ukuu usiojua ulikotoka ni wa kuogopwa. Kama mwanzo wa Wakilindi uliweza kusimuliwa pamoja na aibu yake, kwa nini mwisho wao usisimuliwe hivyo hivyo?

Basi siku ya kumbukumbu, popote itakapofanywa demani hii, isiwe arusi peke yake. Arusini husemwa mema tu, na ndivyo inavyopasa. Kumbukumbu ina kitu cha arusi, kwa ngoma na chakula chake, lakini ina kitu cha matanga na kitu cha baraza la wazee pia. Msimulizi wa Vuga na amweleze mwanafunzi habari za simba, kisha amgeuze uso kuelekea bondeni, amwonyeshe upande wa Mazinde, na amwambie ni nini kilichopita njia ile. Hahitaji gofu kwa kazi hiyo. Ahitaji sentensi mbili au tatu, na moyo wa kuzisema.

Na msomaji wa visiwani atakayepanda mlima kwa gari kutoka Mombo, akapita Soni na maporomoko yake ya maji, asifike kama mtazamaji wa mambo ya wengine. Njia anayopanda ndiyo waliyoshukia watu wasiorudi. Baadhi ya waliokwenda nayo waliufikia ufuko aliouacha asubuhi, wakalima, wakaoa, wakasilimu, wakazaa, wakasahau Kishambaa na kuwafundisha watoto wao Kiswahili. Huenda anayepanda kwenda kuitazama Vuga ni mtoto wa Vuga anayerudi, asiyejijua, na asiye na wa kumwambia.