Amana ya Kiti cha Bodi

  

Ndugu zangu Waislamu wa Kyela na ufuko huu wa Ziwa Nyasa, swali tutakalolitazama katika waraka huu ni hili: mtu akipewa kiti katika bodi ya shirika la Serikali, naye ajijua hana ujuzi wa kazi ile, je, dhambi ni yake aliyempa au ni yake aliyepokea?

Wala tusidhani kwamba hili ni swali la watu wa Dar es Salaam peke yao. Bandari zetu za Itungi na Kiwira zi chini ya Mamlaka ya Bandari, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2004. Na makaa ya mawe ya Kiwira, mpakani mwetu na Ileje, yamo mikononi mwa Shirika la Madini la Taifa, yaani STAMICO, lililoundwa mwaka 1972. Kila moja lina bodi yake. Mwenyekiti huteuliwa na Rais, na wajumbe wengine huteuliwa na Waziri. Raia hapigi kura. Husikia majina yakisomwa redioni, na basi. Na kiti kitolewacho kwa neno moja huondolewa kwa neno moja: Desemba 2015 Rais Magufuli aliivunja Bodi ya Bandari, baada ya kudhihiri kwamba makontena yalipita Dar es Salaam bila ya kulipiwa ushuru.

Wako wasemao kwamba mzigo wote ni wa mteuzi, kwani aliyeteuliwa ameitwa tu, naye kaitika. Neno hili lingekuwa kweli kama kuitwa kungekuwa ni kulazimishwa. Sahaba Abu Dharri alipomwomba Mtume ampe uongozi, Mtume alimkatalia, akamwambia kwamba yeye ni dhaifu, na kwamba jambo lile ni amana. Tazameni aliyeambiwa hayo ni nani! Si mwizi wala si mwongo. Ni mtu ambaye ukweli wake ni mashuhuri hatta leo. Basi uchaji wa mtu hautoshi kuwa ni sababu ya kumpa kazi asiyoiweza, wala yeye haumtoshi kuwa ni udhuru wa kuipokea.

Mtu ataniuliza: mbona Nabii Yusuf aliiomba kazi ya hazina ya Misri mwenyewe? Aliiomba, lakini alitaja mambo mawili pamoja, kwamba yeye ni mlinzi na kwamba yeye ni mjuzi. Hakutaja kabila lake, wala hakusema kwamba aliwahi kumtumikia mfalme gerezani. Na mimi naona huko kujitaja kwake kulikuwa ni kukubali kupimwa.

Na ujuzi huo si jambo la fahari. Mjumbe wa bodi haendeshi meli wala hachimbi makaa. Huketi siku chache katika mwaka, akawekewa makaratasi ya hesabu mbele yake. Kazi yake ni kuuliza. Akiwekewa gharama ya kuzoa mchanga unaoletwa na mito na kuipunguzia kina bandari ya Itungi, aulize mchanga ule hurudi kwa muda gani, na fedha za mara ya mwisho zilifanya nini. Asiyejua la kuuliza husema "naafiki", akatia sahihi, akala chakula cha mchana. Huyo hakuiba hatta senti moja, ilhali mwenye mpunga wa Ipinda na mwenye samaki wa Matema wamekwisha kupata khasara kwa kalamu yake.

Lakini nisiwaseme wateuzi na wateuliwa nikatuacha sisi. Niliwahi kualikwa katika dua nyumbani kwa mtu wetu mmoja, aliyepata kiti katika bodi ya shirika ambalo sitalitaja. Ubwabwa uliliwa na Fatiha ikasomwa. Akasimama mwenyeji wetu akasema kwa unyofu kwamba mambo ya shirika lile hayajui, ila atajifunza huko huko. Sote tukaitikia amin. Hapana aliyemwambia, "Ndugu yetu, rudisha barua hiyo." Bali wazee walishikana mikono wakisema kwamba sasa na sisi tunaye mtu wetu ndani.

Nami nilikuwa wa mwisho kuondoka, kwa kuwa nilikuwa na haja yangu. Nilimnong'oneza mlangoni jina la mtoto wa dada yangu, aliyekuwa hana kazi. Hakunijibu kitu. Kijana hakuitwa, nami nilimnunia bwana yule mwaka mzima, hatta salamu yake msikitini nikiipokea kwa shingo upande.