Kasri la Dhahabu na Sheikh wa Minyororo



Sifa zote njema ni za Allah (s.w.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu zangu katika imani, katika Suratush-Shu'araa, aya ya 128 na 129, Nabii Hud (a.s.) anawalaumu watu wake kwa kujenga majengo ya fahari kana kwamba hawatakufa. Nimeikumbuka lawama hiyo nikisoma historia ya Morocco ya mwisho wa karne ya 16.

Mwaka 1578 Waislamu wa Morocco waliwashinda Wareno katika vita vya Wadi al-Makhazin. Sultani Abd al-Malik alifariki siku hiyo hiyo, na mdogo wake, Ahmad al-Mansur, akashika utawala. Kwa fedha za kuwakomboa mateka akaanza kujenga kasri mjini Marrakesh, lenye marumaru ya Italia na mapambo ya dhahabu. Akaliita al-Badi', yaani lisilo na mfano. Tunajua sifa hiyo ni ya nani.

Hakutosheka. Mwaka 1590 alituma jeshi la watu wapatao 4,000 kuvuka Sahara kufuata dhahabu ya Songhay, dola ya Kiislamu kama yake. Machi 1591, huko Tondibi, Waislamu waliwamiminia risasi Waislamu wenzao. Miaka miwili baadaye wanazuoni wa Timbuktu walikamatwa, akiwemo Sheikh Ahmad Baba. Alipoteza vitabu 1,600, akapelekwa Marrakesh akiwa na minyororo.

Wanahistoria husimulia kwamba sultani alizungumza naye akiwa nyuma ya pazia. Sheikh akakataa kusema mpaka pazia liondolewe, kwani anayesema na waja nyuma ya pazia ni Allah. Kisha akamuuliza kwa nini ameporwa vitabu vyake na kuletwa kwa minyororo. Sultani akajibu kuwa alitaka kuunganisha umma. Sheikh akamuuliza: mbona hukuanza na Waturuki wa Tlemcen, walio karibu nawe zaidi?

Jibu la sultani linanitia hofu. Nasi tukigombea uongozi wa jumuiya, au tukiitana wazushi kwa mas-ala ya fiqhi, kila upande hudai unatetea umoja. Suratul-Hujuraat, aya ya 10, inatuamrisha kuwapatanisha ndugu. Haikuturuhusu kuwavunja ili tuwatawale.

Je, kilibaki nini? Al-Mansur alifariki mwaka 1603, na wanawe wakapigania kiti chake. Baadaye Sultani Mawlay Ismail aliling'oa kasri mapambo yake akayapeleka Meknes. Leo korongo hujenga viota juu ya kuta zake. Lakini Sheikh, hata alipozuiwa Marrakesh, alisomesha, akaandika Nayl al-Ibtihaj kuhusu maulamaa wa Kimaliki, na mwaka 1608 akarejea kwao. Kitabu chake kinasomwa mpaka leo.

Wenzangu, tunachangia zulia na spika za msikiti, na hilo ni jema. Lakini darsa la baada ya Magharibi likianza, tunabaki watano. Sheikh alisomesha akiwa mateka, mbali na vitabu vyake. Sisi tuko huru, na maktaba iko wazi. Tukae darsani, na tuliyegombana naye tumtolee salamu kwanza.

Ewe Mola, tupe elimu yenye manufaa, uunganishe nyoyo zetu, wala usitujaalie kuwa watu wa kujenga kuta na kubomoa ndugu. Aamiin.

Wabillahi tawfiq.