Aliyetoa Jibu Ana Haki ya Kulisoma

Mwaka 1994 kilichapishwa Cambridge kitabu kuhusu akina mama wa Gusii, nchini Kenya, na watoto wao wachanga. Kiliandikwa na kundi la watu saba likiongozwa na mwanaanthropolojia Robert LeVine, na ndani yake walikuwamo madaktari wa watoto, kama T. Berry Brazelton wa Marekani. Walichunguza jinsi mama anavyombeba mtoto, anavyomwitikia akilia na maneno anayomwambia, kisha wakalinganisha na akina mama wa Boston. Mama Mgusii, waliona, hukaa na mtoto karibu na kumtuliza upesi, ila humsemesha kidogo kuliko mwenzake wa Boston. Malezi yake, walieleza, yalilenga kwanza kumwokoa mtoto na kifo, kisha kumfunza utii.

Matokeo hayo yamezifikia fani nyingi: saikolojia, tiba, elimu ya chekechea. Lakini Kenyenya, kwa Abamachoge, Wagusii wa Kaunti ya Kisii, bibi aliyelea wanawe miaka hiyohiyo ya 1970 ambayo watafiti walikuwa Gusii si rahisi akutane na kitabu hicho. Kimeandikwa kwa Kiingereza, kikauzwa ng'ambo, na msomaji aliyekusudiwa si yeye.

Je, elimu iliyochumwa kwa watu ni mali ya nani?

Pwani ya Kenya ina jibu la zamani. Katika Msikiti wa Riyadha, Lamu, ulioanzishwa na Habib Saleh, imehifadhiwa miswada ya Kiarabu ya fiqhi, sarufi na tasawufu, na baadhi yake iliwekwa wakfu. Kitabu kikishawekwa wakfu hakiuzwi wala hakirithiwi, na mwanafunzi anayekihitaji ana haki nacho. Miswada hiyo ilipigwa picha na kuwekwa kwenye intaneti kupitia mradi wa Maktaba ya Uingereza, ili asomaye Zanzibar au Muscat aione bila nauli ya kwenda Lamu. Wakfu hausemi kwamba kitabu hakina mwenyewe. Husema mwenyewe ni Mungu, na aliyekishika ni msimamizi tu.

Abagusii wengi ni Wakristo. Misheni ya Kikatoliki ya Nyabururu ilianza 1911, na ya Waadventista ya Nyanchwa 1912. Kwao fundisho hilo limo katika mfano wa mtumwa aliyeifukia talanta ya bwana wake. Mtumwa yule hakuiba. Aliirudisha fedha kamili, bila kupungua senti. Kosa lake ni kuizuia isifanye kazi. Ndivyo ilivyo kwa tasnifu iliyoandikwa kwa uaminifu, ikapewa alama nzuri, kisha ikafungiwa kabatini chuoni: hakuna aliyedanganya, na hakuna aliyefaidika.

Hasara huwa kubwa zaidi pale jambo moja linapohitaji fani nyingi. Chukua ababari, wapasuaji wa jadi wa Gusii, waliokwangua fuvu la mtu aliyeumia kichwa na kuteswa na maumivu yasiyokwisha. Mwaka 1962 habari zao ziliandikwa katika gazeti la hospitali ya Guy's, London. Mwaka 1967 Edward Margetts, daktari wa magonjwa ya akili aliyewahi kufanya kazi Kenya, naye akaandika. Daktari huuliza mgonjwa aliponaje bila ukumbi wa upasuaji. Mwanahistoria huuliza ujuzi huo ulianza lini. Mwanasheria huuliza nani alaumiwe mgonjwa akifa, na mwanabotania huuliza kidonda kilitiwa mimea gani. Kila mmoja akibaki na kipande chake katika jarida ambalo mwenzake hawezi kulilipia, ababari hawatajulikana kamwe kwa ukamilifu.

Hata hivyo kufungua si kuanika kila kitu. Mama aliyesimulia kifo cha mtoto wake hakuikabidhi dunia simulizi hiyo, na mganga aliyeonyesha mti hakumpa mtafiti idhini ya kuuza dawa yake. Kenya imelitambua hilo kwa sheria mbili: ile ya 2016 inayolinda maarifa ya jadi, na ile ya 2019 inayolinda data za watu. Lakini kuficha jina nako kuna dhuluma yake. H. Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi, aliyefariki 1995, alikwenda vijijini kujadiliana na wazee wenye hekima, akawachapisha kwa majina yao kama wanafalsafa wenye hoja zao wenyewe. Siri za mtu zistahiwe; fikra zake ziandikwe kwa jina lake, akiridhia.

Kuna pia suala la fedha. Mwishoni mwa 2020 jarida la Nature lilitangaza ada ya euro 9,500 kwa mwandishi anayetaka makala yake isomwe bure. Mlango wa msomaji ukafunguliwa, wa mwandishi ukafungwa, na mhadhiri wa Kisii wakati huo akabaki nje. Zipo njia nyingine: tangu 1998 mtandao wa African Journals Online umekuwa ukiyakusanya majarida ya Afrika mahali pamoja, na vyuo vikuu vya Kenya vimejenga hazina za kidijitali za tasnifu zao.

Hazina pekee haitoshi. Leseni ya utafiti ya Kenya humtaka mtafiti akabidhi nakala ya ripoti yake kwa tume ya taifa ya sayansi, iliyoko Nairobi. Deni la Kenyenya halilipwi Nairobi. Kenyenya kuna chuo cha ualimu, hospitali, mabaraza na makanisa yanayojaa kila Jumamosi na Jumapili, na Chuo Kikuu cha Kisii, kilichopata hati yake 2013, hakiko mbali. Muhtasari wa kurasa mbili kwa Ekegusii na Kiswahili, ukisomwa kliniki akina mama wakisubiri chanjo, ungeyarudisha matokeo kwa waliotoa majibu.

Nao wangekuwa na la kujibu. LeVine na wenzake walimwandika omoreri, mtoto mkubwa anayeachiwa mdogo mama akienda shambani. Mama wa Kenyenya akielezwa kwamba wanawake wa Gusii huwasemesha watoto kidogo, anaweza kuuliza kama maneno ya omoreri, ya bibi na ya shangazi jikoni jioni yalihesabiwa kwa kipimo kilekile. Mtafiti atakayeulizwa hivyo itambidi arudi na daftari, aketi nyumbani humo kutwa nzima, na safari hii amhesabu kila anayemsemesha mtoto.