Aibu Yetu Hulipwa na Nani?



Upo msemo tuliolelewa nao: mficha maradhi, kilio kitamfichua. Wazee walipoutamka walimkusudia mgonjwa anayenyamaza mpaka dawa isimfae tena. Lakini yako maradhi mengine ambayo mwenye kuyaficha haangamii peke yake. Huangamia naye mtu asiye na hatia. Katika toleo hili tumeona tulizungumze jambo hilo kwa kupitia tamthilia moja kongwe ya Kiyunani.

Tamthilia yenyewe ni Hippolytus ya Euripides, iliyochezwa Athens mwaka 428 kabla ya Kristo na kupata tuzo ya kwanza. Phaedra, mke wa Mfalme Theseus, ameingiwa na mapenzi kwa Hippolytus, kijana ambaye mumewe alimzaa na mwanamke mwingine. Mapenzi hayo hakuyataka. Ametiwa na Aphrodite, mungu wa kike aliyekasirishwa na kijana huyo kwa kuwa hamtukuzi. Phaedra anapambana: kwanza ananyamaza, kisha anajaribu kuushinda moyo wake, mwisho anaamua kufa. Anapotolewa mbele ya watazamaji ana siku tatu hajala. Mpaka hapo hatuna la kumlaumu. Udhaifu si dhulma. Ni nani kati yetu ambaye moyo wake haujapata kutamani usichostahili?

Yaya wake mzee, kwa huruma, anambembeleza mpaka siri inamtoka. Halafu yaya huyo anamwendea kijana, anamwapisha kwamba hatasema, na kumweleza kila kitu. Hippolytus anapandwa na ghadhabu, anawalaani wanawake wote, na Phaedra anasikia. Sasa anajiona amekwisha fedheheka. Anawafikiria wanawe, watainuaje vichwa mbele za watu. Anajitia kitanzi, lakini kabla ya hapo anaandika kwenye kibao kwamba Hippolytus amemwingilia kwa nguvu. Theseus anarudi safarini na kukikuta kibao kimefungwa mkononi mwa maiti.

Hapo ndipo aibu ilipogeuka kuwa dhulma. Phaedra hakuwa mwongo kwa tabia. Alilithamini jina lake, na jina jema ni kitu cha kuthaminiwa. Kosa lake ni kwamba alipoona jina hilo lina deni, alimwandikia deni hilo mtu asiyekopa.

Sisi Waswahili tuna maneno mawili, haya na aibu. Haya hukaa ndani ya mtu na kumzuia hata akiwa peke yake gizani. Aibu, mara nyingi, hungoja macho ya watu. Phaedra mwenyewe anasema maneno yanayokaribia hayo: kwamba kuna haya za namna mbili, moja haina ubaya, na nyingine ni mzigo wa majumba. Aliijua tofauti, na bado mzigo ulimshinda.

Theseus naye hakungoja kiapo, wala ushahidi, wala waaguzi. Alikuwa na maombi matatu aliyopewa na Poseidon, akatumia moja kumwombea mwanawe maangamizi, kisha akamfukuza nchini. Fahali akatoka baharini, farasi wa kijana wakashtuka na kumburura maweni. Hippolytus angeweza kujitetea kwa kusema aliyoambiwa, lakini alikuwa ameapa, na kiapo chake hakukivunja.

Wengi wetu tunakijua kisa kinachofanana na hiki, cha Nabii Yusuf na mke wa bwana wake huko Misri. Qur'ani inatueleza kuwa kanzu yake ilitazamwa, ikaonekana imechanwa kwa nyuma, na ukweli ukajulikana. Na bado Yusuf alitiwa gerezani. Kumbe hata ushahidi hautoshi pale nyumba inapotaka jina lake libaki safi.

Lakini waliotugusa zaidi katika tamthilia hii ni wanawake wa Troezen, wale wanaoimba kwa pamoja. Walikuwapo tangu mwanzo na waliyajua yote. Phaedra aliwaapisha wanyamaze, nao wakanyamaza. Mfalme alipomlaani mwanawe walimsihi airudishe dua yake, wakamwambia kuwa atakuja kujua amekosea. Kwa nini amekosea, hawakusema.

Wanawake hao ni sisi. Huku ugenini tu wachache, tunakutana kwenye harusi zile zile na hitima zile zile. Tunamkumbuka binti mmoja aliyeletwa kutoka kwetu kuwatazama watoto wa watu. Siku moja tukasikia kwamba ameiba dhahabu, na amekwisha pandishwa ndege kurudishwa. Baadhi yetu tulijua kuwa hakuna dhahabu iliyopotea. Kilichopotea ni heshima ya mwenye nyumba, na aliyeipoteza ni yeye mwenyewe, kwa mkono wake. Tulinong'onezana jikoni, tukasema: tusitiriane.

Kusitiriana ni jambo jema, la hasha hatulipingi. Aliyeteleza na kujuta asitangazwe barazani. Lakini shuka tunayomfunika nayo isiwe tumemvua mwingine. Tukinyamaza mtu anapobebeshwa kosa lisilo lake, hiyo si sitara tena; tumeshiriki katika kuandika kile kibao.

Theseus aliujua ukweli kabla tu mwanawe hajaletwa kwa kubebwa, roho i karibu kutoka. Kabla ya kufa, Hippolytus alimsamehe baba yake. Yule binti hatujui kama alitusamehe. Hatujapata kumwuliza.