Iliki ya Idi na Hukumu ya Kutoipenda

Asiyependa iliki, kiungo kinachotiwa katika pilau, kaimati na tambi za Idi katika nyumba nyingi za pwani ya Afrika Mashariki, hudhaniwa kuwa ameikataa sikukuu yenyewe, na dhana hiyo si ya haki. Ni kweli kwamba kufunga siku ya Idi ni haramu. Lakini kuacha kiungo kimoja si kufunga, na kula chakula fulani halali, katika fikihi, yaani elimu ya sheria za Kiislamu, ni mubaha, jambo ambalo kulifanya au kuliacha hakuna thawabu wala dhambi. Maimamu wa hadithi Bukhari na Muslim wamepokea kwamba Mtume Muhammad (S.A.W.) alipoandaliwa nyama ya dhabi, mjusi mkubwa wa jangwani, aliurudisha mkono wake, akaeleza kuwa mnyama huyo hapatikani katika nchi ya watu wake, huku sahaba wake Khalid bin Walid akimla mbele yake bila kukatazwa. Ladha, basi, ni malezi, wala haina hesabu ya dhambi. Adabu inavunjwa pale mgeni anapokitia ila chakula alichoandaliwa, kwani Mtume hakuwa na desturi hiyo. Mwenyeji naye asilazimishe. Ampakulie mgeni wali mweupe kwa moyo mkunjufu.