Je, ni vibaya mtoto kuunda gari la vita?

Mwanafunzi mmoja wa darasa la sita aliniletea kazi ya mikono yake: gari la askari, la waya na bati la makopo, magurudumu yake yamekatwa katika kandambili chakavu. Mtoto huyo alikuwa amefuata kipimo. Kila mita 1 ya gari la kweli aliifanya sentimita 10. Na kwa kuwa gari la kale aina ya Willys lina urefu wa mita 3 na sentimita 30 hivi, la kwake lilipata sentimita 33. Alilipaka udongo mwekundu uliochanganywa na mawese, likaonekana lina kutu. Akatoboa mlango kwa msumari, yakawa matundu ya risasi. Nami nikamsifu mbele ya wenzake.

Kaka yake akalipiga picha kwa simu. Aliilaza simu mchangani, usawa wa magurudumu, na nyuma ya gari akachomeka majani yaliyoonekana kama msitu. Kisha akaituma kwa rafiki zake bila neno lolote. Jioni mama mmoja akafika kwangu, mtoto mgongoni, mzigo wa nguo kichwani, akauliza: «Mwalimu, wamefika wapi?» Nikamletea lile gari la bati, nikamwekea mkononi. Hakucheka. Aliketi chini, akalia.

Kesho yake wazazi kadhaa wakanitaka nilichome moto. Je, walinena haki? Kanisa latufundisha kupima kila tendo kwa mambo matatu: jambo lenyewe, nia ya mtendaji, na hali inayolizunguka. Basi tupime.

Kwanza, jambo lenyewe. Kuiga kitu kwa uangalifu si dhambi. Akili na vidole ni vipaji vya Mungu, na mtoto anayepima vema leo aweza kuwa fundi kesho. Huko Ujapani viwanda huuza vipande vya magari ya vita kwa kipimo cha 1 kwa 35, na watu wazima huviunganisha na kuvipiga picha kwa furaha. Wala si kila mwenye silaha ni mwovu. Kapteni Léopold Joubert, Mfaransa, aliwalinda watu wa ng'ambo hii ya Tanganyika dhidi ya wauza watumwa.

Pili, nia. Mtoto alitaka kuunda kitu chema; kaka yake alitaka kuwashangaza wenzake. Hakuna aliyetaka kumliza mama yule.

Tatu, hali. Hapa ndipo tulipokosa. Picha ile ile, katika nchi yenye amani, ni mchezo. Kwetu Fizi ni mbiu ya hatari. Mwaka 1996 na baadaye wengi wetu walivuka ziwa, wakaishi kambini Nyarugusu, mkoani Kigoma. Mtu aliyekimbia mara moja haulizi urefu wa gari, hubeba mtoto. Tena Amri ya Nane haivunjwi kwa mdomo tu. Picha iliyopangwa ionekane kweli, ikatumwa bila maelezo, yaweza kusema uongo ingawa kila aliyeishika ni mtu mwema. Nami niliyesifu matundu ya risasi sikuuliza picha itakwenda wapi. Kosa hilo ni langu.

Sikulichoma gari. Nilimketisha yule mtoto, nikamsimulia habari ya tarehe 28 Novemba 1964. Siku ile gari la askari waasi lilisimama mbele ya misioni ya Baraka. Bruda Vittorio Faccin akaamriwa kupanda, akakataa, akapigwa risasi. Padri Luigi Carrara, aliyekuwa akiungamisha, akatoka, akapiga magoti karibu na ndugu yake, naye akauawa. Gari likaendelea hadi Fizi, na huko wakauawa Padri Giovanni Didoné na Padri Albert Joubert, mwana wa yule Kapteni. Tarehe 18 Agosti 2024, kule Uvira, Kanisa liliwatangaza wote wanne kuwa Wenyeheri.

Mtoto akanyamaza, kisha akasema: «Mwalimu, mimi niliunda matundu, sikuunda watu.» Neno hilo lilinifundisha kuliko vitabu vyangu. Gari lake lilikuwa sahihi kwa kila sentimita, lakini halikuwa kweli yote, maana risasi haiishii katika bati.

Juma lililofuata alifinyanga mama mwenye mzigo, akamweka kando ya njia, kwa kipimo kile kile. Kaka yake akapiga picha nyingine. Safari hii mkono wa mtoto ulionekana umeshika gari, ili kila atazamaye ajue ukubwa wake. Tuliipeleka kwanza kwa mama yule. Aliitazama kwa muda mrefu, akauliza yule mwanamke wa udongo anakwenda wapi. Mtoto akajibu: «Anarudi nyumbani.»

Basi, wazazi, msichome kazi za watoto. Waulizeni: Umeunda nini? Kwa nini? Nani ataiona? Nasi wakubwa, tunaotuma picha za vita kutoka simu hadi simu bila kujua asili yake, tujiulize maswali hayo kwanza.