Kadiri ya Kazi na Kadiri ya Watu

Apitaye Changamwe baada ya sala ya alfajiri huwaona watu wamesimama mbele ya milango ya viwanda, wakingoja kuchaguliwa. Aitwaye huingia, asiyeitwa hurudi kwake Chaani au Migadini mikono mitupu. Na mara nyingi yule aliyeingia hupewa kazi iwatoshayo watu wawili. Nje watu wamezidi kazi, ndani kazi imezidi watu, na baina yao pana ukuta tu. Basi twauliza: tajiri akadirie idadi ya watu wake kwa kipimo gani kilicho cha haki?

Mas'ala haya si mageni kwetu. Neno lenyewe "kibarua" latokana na barua, yaani kile kikaratasi alichopewa mtu wa kazi ya siku. Bandari ya Kilindini ilisimama juu ya migongo ya watu wa namna hii. Meli haziji kwa kipimo kimoja: leo zimejaa, kesho gati li tupu. Makampuni yalilipa siku za meli. Siku za gati tupu alizilipa kuli na watoto wake, kwa njaa. Januari 1947 wafanya kazi wa Mombasa wapatao 15,000, wa bandarini na wasiokuwa wa bandarini, waligoma siku 12 kwa ajili ya ujira na maisha. Katika miaka ile ya 1940 na 1950 makuli wakaandikwa daftarini, na hesabu yao ikapunguzwa ili ilingane na kazi iliyopo. Aliyeonekana kazini mara chache akafutwa. Hapa tuseme kweli: wako waliochukia mabadiliko hayo, kama mtu wa Likoni mwenye shamba lake, aliyependa kuvuka kwenda bandarini siku atakayo na kukaa siku atakayo. Kila mpango una aliyeumia.

Tajiri atatujibu: "Nikiandika watu kwa kadiri ya siku ya kazi nyingi, siku ya kazi chache watakaa bure, mshahara wao utaniangusha, nami nikianguka wataanguka nao." Neno hili lina haki yake, wala hatulidharau. Duka lililofungwa halimlishi mtu. Lakini wanavyuoni wa fikihi wana kanuni kwamba faida hufuata dhamana: alaye pato la kitu ndiye abebaye khasara yake. Siku ya meli nyingi faida yote huingia kwa tajiri; kwa nini basi siku ya gati tupu khasara ishuke kwa kuli? Kupanda na kushuka kwa kazi hakuondoki kwa kuwafukuza watu. Huhamishwa tu, kutoka daftari la kampuni mpaka chungu cha mtu asiye na akiba.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 imelitazama jambo hili: kibarua aliyefanya kazi siku za mfululizo zilizotimia mwezi huhesabiwa kuwa mtu wa mshahara wa mwezi. Ni sheria njema. Walakini mjanja aweza kumwachisha mtu kabla ya mwezi kutimia, akamwita tena baadaye, na karatasi zake zote zikawa safi.

Wala tusiwalaumu wenye viwanda peke yao. Tutazame majumbani mwetu, hapa Kisauni na kule Likoni. Mtumishi ni mmoja: apike, afue, afagie, alee mtoto, apeleke mwingine chuoni, na usiku aamke mtoto akilia. Mtume (S.A.W.) alikataza mtumishi kukalifishwa asiloliweza, na akikalifishwa, akaamrisha asaidiwe. Lile katazo twalijua, na aghalabu hujidhania tumelitimiza. Ile amri ya kusaidia ndiyo tuliyoisahau, kana kwamba haikutuhusu. Ramadhani ikiingia wageni wa futari huongezeka, huongezeka viazi karai na mahamri, ikaja na daku, na mkono ni ule ule mmoja, nao umefunga kama sisi. Asiyeweza kumwandika mtumishi wa pili hatulaumu, maana mifuko yajulikana. Lakini nyumba ile ina vijana watatu wa kiume, walao sambusa wakenda zao barazani, na sahani zimebaki.